Sauti ya Landi

Rafiki yangu ana Land Rover Series III ya 1978, ile fupi, rangi ya kijani iliyochoka na jua. Mlango wa abiria unafungwa kwa kamba. Siku za kazi anaiendesha kutoka Rongai hadi Industrial Area, na kwenye msongamano wa Lang'ata Road mguu wake wa kushoto unalia kwa sababu klachi ni ngumu kama jiwe. Usukani hauna msaada wowote wa kisasa. Madirisha hayateremki, yanasukumwa pembeni. Makanga wakituona wanapiga kelele "Landi! Landi!" na wazee kwenye taa za barabarani wanataka kujua anaiuza ngapi. Wikendi tunaenda Magadi, au Kona Baridi tu kunywa chai na kutazama Bonde la Ufa.

Mei iliyopita niliomba tuende Mukurweini kumwona shosho. Safari ambayo matatu huimaliza kwa saa tatu, sisi tulichukua tano na ushee.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo historia ninayoijua nimeiokota njiani, kwa kusoma na kwa kuuliza. Ya gari hili inaanza Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nchi ilikuwa na madeni, chuma kikigawiwa kwa kipimo. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na jipu kuukuu la vita kwenye shamba lake kisiwani Anglesey, Wales. Akawaza: kwa nini tusitengeneze letu? Bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini kwa sababu chuma hakikupatikana, na rangi ya kijani ya mwanzo ikatokana na mabaki ya rangi ya kijeshi. Likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Lilikuwa gari la mkulima, tena la kusukuma siku tu hadi biashara ya magari ya kifahari irudi. Kufikia 1976 yalikuwa yametengenezwa milioni moja.

Gari la mkulima, sawa. Lakini mkulima wa Kenya ya 1948 aliyeweza kulinunua alikuwa nani? Alikuwa mzungu mwenye shamba Nanyuki au Naivasha. Wengine waliokuwa nalo ni DC, polisi na afisa wa wanyama. Ukitaka kujua nani alikuwa na mamlaka mahali fulani, ungeangalia nani anashuka kwenye Landi.

Halafu tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya na Murang'a walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Barabara za huko zilikuwa udongo mwekundu na miteremko mikali, yaani mahali ambapo gari la kawaida linakwama na Landi inapita. Ndiyo maana ilipendwa na waliotumwa kuwasaka watu.

Kuna picha nyingine ambayo dunia inaijua zaidi: simba Elsa amelala juu ya Landi ya akina Adamson, kisha filamu ya Born Free ya 1966. Picha hiyo ndiyo imeuza safari kwa watalii miaka yote hii, na sikatai, ni picha tamu. Lakini nyumbani Landi iliendelea na kazi ile ile. Baada ya uhuru ikawa ya chifu anayetafuta chang'aa, ikawa ya GSU. Muulize mtu yeyote aliyekuwa Nairobi Saba Saba ya 1990.

Katikati ya hayo yote, Landi zilianza pia kuunganishwa hapa hapa Thika, miaka ya 1970, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya. Rafiki yangu anaapa yake ni mtoto wa Thika. Na spea anazitoa Grogan, ile Kirinyaga Road yetu. Rasmi jina la Grogan liliondolewa zamani, lakini mafundi hawajaliacha. Ewart Grogan ndiye aliyewachapa Waafrika viboko hadharani Nairobi mwaka 1907, mbele ya mahakama. Leo tunaenda kwake kutafuta kabureta.

Tulifika Mukurweini mvua imenyesha usiku kucha. Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya boma, pikipiki mbili zilikuwa zimelala kwenye matope na probox moja imeachwa na mwenyewe. Rafiki yangu akasimama, akavuta nyuma ile gia fupi yenye kichwa chekundu. Hapo magurudumu yote manne yanashika na injini inaanza kunguruma chini chini, gari likienda mwendo wa mtu anayetembea. Gia zinalia sauti yake ya peke yake, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Tulipanda bila kuteleza hata kidogo. Nilikuwa nacheka kama mtoto.

Shosho alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeshika fremu.

"Wamekuja kumchukua nani?" akauliza.

Nilidhani ni mzaha. Haikuwa. Alikuwa na miaka minane walipomchukua baba yake kumpeleka Manyani. Alisema Landi ilitangulia na lori likafuata, na kwamba watoto wa kijiji walijifunza kutofautisha sauti hizo mbili kabla ya kujua kusoma. Lori lilikuja na watu wengi. Landi ilikuja na yule anayeamua.

"Hii ni ya 1978, shosho," nikamwambia. "Haikuwepo."

"Sauti ni ile ile."

Rafiki yangu alitaka kuisogeza nyuma ya nyumba isionekane. Shosho akamkataza. Alikunywa chai kwanza, akatuuliza mambo ya Nairobi, akaninong'oneza kama nimerudi chuo. Kisha akachukua leso yake, akatoka, akaizunguka Landi polepole akiigusa bodi kwa kiganja. Akapanda nyuma, kwenye benchi la pembeni, akakaa peke yake karibu dakika kumi.

"Kiti ni kigumu," akasema hatimaye. "Nipelekeni sokoni."

Betri ikakataa. Rafiki yangu aliona haya, akamwomba ashuke tusukume. Shosho akakataa kushuka. Tukawaita watoto wa jirani, sita au saba, na tukamsukuma akiwa ndani, mkono nje ya turubai, akiwaelekeza kwa Kikuyu nani asukume wapi.