Uchokozi wa maneno katika Meru na Embu

Uchokozi wa maneno ni tendo la kumwambia mtu jambo ambalo msemaji anajua litampandisha hasira. Katika Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki na kusini-mashariki ya Mlima Kenya, tendo hili hupitia lugha tatu: Kimeru au Kiembu cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na stendi ya matatu, na Kiingereza cha shule na mahakama. Wengi huupima uchokozi kwa uchafu wa tusi, wakidhani kwamba neno likizidi kuwa chafu ndivyo linavyozidi kuchoma. Kipimo hicho hakitoshi. Neno humchoma mtu kwa kadiri ya heshima linayomvua mbele ya wanaomjua, na ndiyo sababu maneno yasiyo na uchafu wowote yameleta ugomvi mkubwa kuliko matusi ya nguoni.

Kiswahili chenyewe kimeyatenga mambo haya vizuri. Makelele ya jirani yanaudhi au yanakera, na anayekukatiza kazini anakusumbua, lakini hakuna kati yao aliyekulenga wewe. Anayechokoza amelenga. Kitenzi hiki ni ndugu wa chokoa na chokonoa, na ndani yake kijiti bado kinaonekana. Huko Mbeere, upande wa Embu, ambako mizinga ya magogo hutundikwa mitini, mtu hahitaji kufafanuliwa maana ya kuchokoza nyuki: kijiti kinaingia tunduni, nyuki wanatoka, na wanayemfuata ni mwenye kijiti. Kuchochea ni kazi nyingine kabisa, kazi ya jikoni. Ukuni unasukumwa ndani katikati ya mafiga, moto unaruka, na aliyeusukuma amekaa pembeni huku kinachoungua ni kilichomo chunguni. Mchokozi hukabiliana na hasira aliyoiamsha. Mchochezi huiwasha hasira ya watu wengine ili imwunguze mtu wa tatu. 

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba kinachochoma ni heshima inayovuliwa ni neno la Kimeru mwiji, yaani mvulana ambaye bado hajatahiriwa, pamoja na mwenzake wa Kikuyu, kihii. Kwa mtoto wa miaka minane neno hili halina ubaya wowote, ndivyo alivyo. Lakini tohara ndiyo inayomtoa kijana utotoni. Akishapona huhesabiwa miongoni mwa wanaume na hutarajiwa kusema na kutenda kama mtu mzima. Kumwita baba wa watoto mwiji ni kumpokonya yote hayo kwa mpigo mmoja: rika lake, ndoa yake, haki yake ya kuketi na wazee. Mtu huyohuyo akiitwa mjinga anaweza kucheka akaondoka. Aprili 2022, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilipotoa orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi mkuu, kihii lilikuwamo. Madoadoa nalo lilikuwamo, neno la kawaida kabisa la kueleza ngozi ya mnyama au nguo iliyochafuka. Januari mwaka huo Mithika Linturi, aliyekuwa seneta wa Meru, alilitamka katika mkutano wa hadhara Eldoret, akakamatwa, kisha akaomba radhi. Nia yake si hoja hapa. Hoja ni kwamba katika Bonde la Ufa neno hilo, likielekezwa kwa watu wa makabila mengine, lilikuwa limebeba kumbukumbu ya umwagaji damu wa baada ya uchaguzi, mwaka 2007 na 2008, na kwa mizani yetu ya jikoni liliangukia upande wa uchochezi.

Wapo watakaosema kwamba maelezo haya yote ni ya bure, kwani Wameru wana hasira za karibu. Mzaha huo umeenea Kenya nzima. Lakini jamii isiyoweza kuzuia hasira haiwezi kudumisha Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo kwa vizazi limesuluhisha magomvi kwa maneno na kwa faini ya mifugo. Sheria nayo haikubaliani na mzaha huo. Kifungu cha 208 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinakubali kwamba tusi linaweza kuwa uchokozi, ila kinauliza lingemfanya nini mtu wa kawaida, si mtu mwenye moto kichwani. Kinahesabu pia tusi alilotupiwa mzazi, mtoto, ndugu au mwenzi wa ndoa mbele ya mshtakiwa, na hapo sheria inakiri kwamba heshima ya mtu inakaa pia kwa watu wake. Wala huu si mlango wa kuhalalisha ngumi au panga: chini ya kifungu cha 207, aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla kabla haijapoa huepuka hatia ya mauaji ya kukusudia tu, na kuua bila kukusudia bado kunaweza kumfunga maisha.

Pingamizi zito zaidi ni la utani. Wanaume waliotahiriwa msimu mmoja huitana mwiji na kucheka, kwa hiyo neno lenyewe haliwezi kuwa na sumu. Ni kweli, na hilo linaitia nguvu hoja yenyewe: aliyekuwapo siku ya kutahiriwa kwako hawezi kukuvua utu uzima ambao yeye ni shahidi wake. Likitoka kinywani mwa mdogo wako, au mbele ya wakwe, utani unakoma. Kwa hiyo mkalimani katika mahakama ya Meru au Chuka akilifasiri mwiji kuwa “mvulana” na kunyamaza, jaji ataandika neno lisilo na uzito, na mshtakiwa ataonekana kama mtu aliyerukwa na akili bila sababu. Kinachohitajika kuulizwa ni umri wa aliyeambiwa, rika la aliyesema, na nani alikuwa amesimama hapo akisikia.