Historia Isikiwayo kwa Masikio

Msomaji, tangu ulipoingia shuleni umefundishwa kwamba historia husomwa vitabuni, na kwamba alama zake huonekana katika magofu, makaburi na sarafu za kale. Mafundisho hayo ni ya kweli. Walakini iko njia nyingine ya kuifikia, isiyotaka fedha wala safari, nayo ni kutega sikio. Na tuijaribu hapa Kikoneni, katika nchi ya Wadigo, kusini mwa Kwale, karibu na mlima wa Mrima.

Siku moja niliwatoa wanafunzi wangu darasani, wakaketi chini ya mwembe kwa muda wa dakika kumi bila ya kunena neno. Kila mmoja alitakiwa kuandika sauti zote alizozisikia. Walipomaliza, daftari zao zilikuwa na mlio wa pikipiki barabarani, mashine ya kusagia mahindi, kunguru, adhana ya adhuhuri na, mbali kabisa, mchi ukitwanga kinuni. Ndipo nilipowauliza: "Kama babu wa babu yenu angaliketi hapa mwaka 1850, angalizisikia zipi?"

Pikipiki na mashine walizifuta upesi. Kunguru hawakumfuta, kwani walidhani ndege huyo ni mwenyeji wa tangu na tangu. Hapo walikosea. Kunguru mwenye kifua cheupe ni mwenyeji kweli, lakini yule mwenye shingo ya kijivu, apigaye kelele katika masoko na majaa ya pwani, asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, kisha akaenea pwani nzima. Basi kila akuamshapo alfajiri, anakusimulia habari za Bahari ya Hindi na za watawala waliodhani kwamba ndege anaweza kuajiriwa kazi ya ufagizi.

Adhana nayo ilizua mjadala. Uislamu ulikuwako katika miji ya pwani kwa karne nyingi, lakini Wadigo walio wengi waliupokea mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Hata mvua haikuwa na sauti iliyo nayo leo. Juu ya makuti hunong'ona. Juu ya mabati huvuma hata mwalimu hukatiza somo. Katika orodha yote ya wanafunzi wangu, sauti ambayo mzee yule angaliitambua bila ya shaka ni ya mchi na kinu, nayo ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote.

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Maneno hayo yalizaliwa katika zama ambazo sauti ilikuwa chombo cha utawala. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona msafara wa sultani ukitanguliwa na ngoma na mabaragumu. Wareno wa Vasco da Gama walipofika Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, waliona siwa mbili za pembe ya ndovu zilizochongwa kwa ustadi, urefu wake kadiri ya kimo cha mtu, nazo zilipulizwa kwa tundu la ubavuni. Siwa mashuhuri ya pembe iliyotoka Pate imehifadhiwa hata leo katika makumbusho ya Lamu.

Kwa Mijikenda, wazee wa Kaya walikuwa na ngoma iitwayo mwanza. Ngoma hiyo haipigwi. Husuguliwa, ikatoa ngurumo mithili ya mnyama mkali. Ilifichwa msituni, na asiyestahili hakuruhusiwa kuiona. Iliponguruma, wanawake na watoto walikimbilia majumbani. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kukaa Rabai, aliandika habari zake. Tafakari nguvu ya jambo hilo: amri ilisikika, ikatiiwa, wala haikuandikwa mahali popote.

Hapa yanipasa kukiri kosa langu. Babu yangu alikuwa mpiga nzumari katika ngoma ya sengenya. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, aliniambia likizo moja niketi naye anifunze nyimbo zake: ipi ilitangulia, ipi ilifuata, na ipi ilipigwa kwa ajili ya nani. Nilikuwa na mtihani wa historia mbele yangu, nikamjibu, "Babu, likizo ijayo, inshallah." Likizo ijayo nilikuta kaburi. Mtihani nilifaulu. Nzumari yake ninayo mezani pangu hata leo. Mti wake ni mzima na matundu yake ni yale yale, lakini hakuna katika ukoo wetu ajuaye ilichokuwa ikisema.

Labda utasema kwamba namlilia kinu aliyekwisha kupata mashine. La, hasha. Mama aliyetwanga tangu utoto wake ana haki ya kupumzika, wala hapana mwana mwema atakayemrudisha kwenye mchi ili kuifurahisha historia. Sauti zina ajali yake kama watu. Nisemalo ni kwamba maiti hutajwa jina kabla ya kuzikwa, na sauti nayo yastahili heshima hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua mahali pamoja na saa moja. Andika tarehe, kisha andika kila usikiacho, hata kikiwa kidogo. Mwendee mzee, umuulize ni sauti gani aliyoisikia utotoni ambayo sasa haipo, na ilimaanisha nini. Akikupa ruhusa, irekodi sauti yake kwa simu ya mkononi, maana chombo hicho chaweza kutunza mengi kuliko porojo. Akikunyima, mstahi. Misitu ya Kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini siri zake zingali ni za wazee wake, nao ndio wenye kusema lipi litoke na lipi libaki.

Usingoje likizo ijayo. Leo jioni, kabla hujafungua kitabu chako cha historia, toka uani, unyamaze kwa dakika kumi. Kama yuko mzee nyumbani kwenu, mketishe karibu nawe, umuulize anasikia nini.