Nyumba Zetu za Katanga: Zilijengwa na Nini, Zililipwa na Nani

Siku moja vijana wawili walipita ku avenue yetu na makaratasi ya uchunguzi. Walikuwa wanauliza mulango kwa mulango: sakafu ni ya udongo ao ya simenti? Paa ni ya majani ao ya mabati? Muko watu wangapi, na munalala mu vyumba vingapi? Choo ni chenu peke yenu ao munashirikiana na wengine? Muzee mumoja jirani yangu alijibu yote kwa adabu. Kisha akawauliza naye: "Na nyumba hii, munajua ililipwa na nini?" Vijana wakatazamana. Swali la namna ile halikuwa ku karatasi yao.

Inchi yetu haijahesabu watu wake kwa hesabu kubwa tangu 1984. Nyumba zetu nazo hatuzijui kwa hesabu kamili, tunazijua paka kwa vipande vya uchunguzi kama ule. Lakini swali la muzee yule lina historia, na mu Katanga historia ile inaweza kuandikwa. Karibu miaka mia moja na zaidi nyumba imekuwa na bei mbili: bei ya makuta, na bei ingine isiyoandikwa ku risiti.

Tuanzie ku vijiji. Kwa Balamba, kwa Babemba, kwa Baluba, nyumba ilikuwa ya miti na udongo, paa ya majani. Makuta hayakuwamo. Muntu alikata miti yake, bibi yake na dada zake wakaleta majani na maji ya kukanda udongo, jamaa wakakuja kusaidia, na mwenye nyumba akawapikia chakula na pombe. Ile njo ilikuwa bei: ukisaidiwa leo, kesho na wewe unaitwa. Nyumba yenyewe haikudumu sana. Udongo wa mashamba ukichoka, kijiji kinahama, na nyumba inaachwa pale. Kwa hiyo wazee hawakuona nyumba kuwa mali ya kuachia watoto. Walichoachia watoto ni jamaa na haki ya kulima mu inchi ya mufalme wao.

Mambo yaligeuka wakati treni ilifika Elisabethville kutoka kusini mu 1910. Mwaka uliofuata, moto wa shaba ukawashwa ku Lubumbashi. Union Minière, kampuni iliyozaliwa 1906, ilihitaji mikono mingi, na mikono ile ilitoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, nyuma Ruanda-Urundi. Watu wa kwanza walilazwa vibaya, wengi mahali pamoja, na magonjwa yakawapunguza sana. Kampuni ikafanya hesabu yake: muntu anayekufa ao anayekimbia baada ya miezi michache ni hasara. Toka 1928 ikageuza siasa yake. Kontra ikawa ya miaka mitatu, mufanyakazi akaruhusiwa kuja na bibi na watoto, na kila familia ikapewa nyumba yake mu kampi. Daktari Mottoulle, aliyeongoza mambo yale, aliyaandika mu kitabu mu 1946 bila kuficha hesabu: mufanyakazi aliyetulia na familia yake anazaa faida.

Tusiwe wenye kusahau: nyumba za kampi zilikuwa nzuri kupita zile watu walizoacha. Matofali, mabati, avenue zilizonyooka, bomba la maji, hospitali karibu, masomo, na posho kila juma. Wazee waliozaliwa mule wanazungumuza hata leo kwa macho ya kungaa, wakisema Union Minière njo ilikuwa baba na mama. Profesa Dibwe dia Mwembu ameandika kitabu kizima juu ya watoto wa baba yule, na namna aliwaacha. Lakini nyumba ya bure ilikuwa na bei yake kubwa: ilikuwa imefungwa na kazi. Kazi ikiisha, nyumba imeisha. Baba akifukuzwa, ao akizeeka, ao akikufa, familia inafunga mizigo. Na kwa muda kazi inadumu, mukubwa wa kampi alikuwa na haki ya kujua nani analala ndani, mugeni amekuja lini, na uwanja umefagiliwa ao hapana. Muntu aliweza kukaa miaka makumi tatu mu nyumba moja bila kuwa na haki ya kupigilia musumari mu ukuta.

Inje ya kampi kulikuwa sité. Dekre ya 1931 iliunda zile zilizoitwa "centre extra-coutumier", na watu wasio wa kampuni, mafundi, wachuuzi, makarani, wakapata parsele. Kamalondo, iliyoitwa kwanza Cité Albert, ni ya zamani. Kisha Kenya, Katuba na Ruashi. Kati ya sité na muji wa bazungu waliacha eneo tupu, wakisema ni kwa sababu ya mbu na malaria. Pale sité muntu alijenga kwa nguvu yake, na muzungu alimupa kitabu kidogo, livret de logeur. Kitabu kile kilisema unaruhusiwa kukaa. Hakikusema parsele ni yako. Ni paka dekre ya 10 Februari 1953 iliyofungulia Mukongomani mulango wa kuwa na nyumba na ardhi kama mali yake mwenyewe, na waliopita mulango ule walikuwa wachache. Mwaka mumoja mbele, mu 1952, ilianzishwa Office des Cités Africaines, iliyojenga nyumba za Ruashi kwa Lubumbashi na za Bagira kwa Bukavu, na mu 1955, baada ya safari ya mufalme Baudouin, ukaanzishwa Fonds du Roi. Mufanyakazi wa kawaida akaanza kusikia neno deni la nyumba.

Kuna nyumba ingine ambayo vitabu vinaisahau, na mimi naona inastahili kurasa zake: boyeri. Ni chumba kile cha nyuma ya nyumba ya muzungu, karibu na jikoni, mulimolala boi. Bei yake ilikuwa kuwa tayari saa yote ukiitwa. Mu 1965 maboi wa zamani wa Elisabethville waliandikisha wao wenyewe historia ya muji kwa Kiswahili, mu kitabu kinachoitwa Vocabulaire, na sauti ya boyeri inasikilika mule. Leo boyeri zile zinaitwa anexe. Wanaopanga ni wanafunzi wa univerisite na vijana waliooa jana. Kuta ni zilezile.

Baada ya uhuru, sheria ziligeuka kuliko kuta. Sheria Bakajika ya 1966, na hasa sheria ya 20 Julai 1973, zilisema ardhi yote ni ya Serikali. Muntu anapewa haki ya kuitumia tu, na haki ile inahakikishwa na sertifika ya uandikishaji peke yake. Mu sité watu wengi hawakusikia habari ile. Waliendelea kufunga livret mu kitambaa na kuificha chini ya kitanda.

Kampi nazo zilipita mikononi mwa Gécamines, na mambo yakaenda muzuri muda kidogo. Mu Septemba 1990 muji wa chini wa Kamoto ulianguka, na mashimo ya shaba yakaanza kunyamaza. Mu 1992 na 1993 Bakasai walifukuzwa. Familia zililala ku stesheni za Likasi na Kolwezi zikingojea treni, na nyumba zilizojengwa kwa jasho la baba na babu ziliuzwa kwa bei ya kutupa, ao zilikamatwa bila bei. Ni ukurasa ambao mu mikutano yetu tunaurukia haraka. Mu 2003, wafanyakazi 10 655 wa Gécamines walikubali kuondoka kwa ile iliyoitwa departi ya kujitolea. Nyumba nyingi za kampi ziliuzwa kwa waliokuwa wanakaa ndani. Muntu ambaye nyumba haikumuuliza kitu akajikuta mwenye nyumba bila mushahara. Wengine walivunja ukuta wa mbele wakafungua duka, wengine walipangisha vyumba viwili wakabaki na kimoja.

Leo bei inasemwa kwa dolare, hata kama mushahara unakuja kwa franka. Komisioneri anakamata yake, na mwenye nyumba anaomba garantii. Sheria ya 31 Desemba 2015 inasema garantii ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Mimi nililipa sita. Niliposema sheria, mwenye nyumba alinionyesha mulango kwa upole na kuniambia kuna wengine wanangojea inje.

Wanaoweza wanajenga pole pole, ku mupaka wa muji. Udongo wa vichuguu vikubwa vya kwetu unatoa matofali ya nguvu. Unakatwa, unakauka, unachomwa mu tanuru kwa miti ya pori. Vichuguu vinaisha, pori linarudi mbali, na lori la matofali linapanda bei. Mwaka huu musingi, mwaka ujao ukuta, mabati mutoto akimaliza masomo.

Muzee jirani yangu, yule wa swali, alinialika jioni ile. Alitoa kitambaa, akakifungua. Livret ya baba yake, kona zimekulwa na mende, jina limeandikwa kwa wino mweusi. Watoto wake wanne wanajua iko. Hakuna hata mumoja aliyewahi kwenda ku ofisi ya mambo ya ardhi kuuliza kama inatosha. Akakunja tena, akasema kesho tutaenda sisi wawili, mbele jua halijawa kali.