Boksi la Umeme na Sumu Usiyoiona

Leo naleta historia ya kitu ambacho hakuna mtu hukiandikia historia: boksi la umeme. Lile la chuma au plastiki linalokaa ukutani, ndani mna swichi, fyuzi na waya. La jenereta, la pampu, la mashine ya barafu, la sola. Sisi hulikumbuka siku likizima tu. Mimi nasema tulikumbuke pia siku likitupwa.

Tuanze na chumvi. Mtu wa kisiwani hahitaji kufundishwa hili: chuma kikikaa karibu na bahari, kutu haikawii. Wahandisi wa karne iliyopita walilijua hilo, na dawa yao moja ilikuwa kupaka chuma kadimiamu, madini yanayostahimili maji ya chumvi vizuri mno. Dawa nyingine ilikuwa kromiamu sita, ile iliyozipa skrubu na mabamba ya zinki rangi ya manjano inayometa. Plastiki ya boksi ikachanganywa na kemikali za bromini ili isishike moto haraka. Vipande vya ndani vikaunganishwa kwa lehemu yenye risasi.

Na vitu hivyo vilifanya kazi, tusidanganyane. Lakini kadimiamu huharibu figo, risasi huharibu ubongo wa mtoto, na kromiamu sita husababisha saratani. Boksi likiwa zima ukutani, sumu imelala. Likivunjwa au kuchomwa, inaamka.

Sasa skiza hii. Mojawapo ya kesi zilizowashtua wenye viwanda ilihusu PlayStation! Mwisho wa mwaka 2001, Krismasi ikikaribia, Uholanzi ilizuia shehena ya PlayStation kama milioni 1.3 kwa sababu waya zake zilikuwa na kadimiamu kupita kiwango cha sheria ya nchi hiyo. Sony ikalazimika kubadilisha waya, na hasara ikawa kubwa. Yaani waya mmoja tu, na biashara ya msimu mzima ikayumba.

Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria inayojulikana kama RoHS, na ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2006. Risasi, zebaki, kromiamu sita na makundi 2 ya kemikali za bromini: kila moja isizidi asilimia 0.1 ya uzito wa kila malighafi iliyotumika. Kadimiamu ikapewa asilimia 0.01 tu. Ukiona herufi RoHS nyuma ya chaja yako, ndiyo hiyo.

Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Sheria ile ilibana simu, TV, friji na taa, huku vifaa vya kupimia na kuongozea mitambo ya viwandani vikiachwa nje. Hoja ilikuwa kwamba lehemu mpya isiyo na risasi haijajaribiwa vya kutosha kwa mitambo ambayo ikikosea inahatarisha watu. Sheria iliandikwa upya mwaka 2011, na vifaa hivyo vya viwandani vikapewa muda hadi Julai 2017. Vilivyobaki vikapewa hadi Julai 2019. Na mpaka leo mitambo mikubwa inayofungwa mahali pamoja kwa kudumu bado ina msamaha wake.

Utaniuliza, mambo ya Ulaya yanatuhusu nini? Njoo Mombasa. Mtaa wa Owino Uhuru ulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi. Risasi ikaingia kwenye hewa, udongo na damu za watu, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, alianza kupiga kelele baada ya mwanawe mchanga kupatikana na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikawapa wakazi ushindi Desemba 2024. Hesabu mwenyewe: kutoka kufungwa kwa kiwanda hadi hukumu ya mwisho ni miaka 10. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ashafika darasa la nne.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. PlayStation zilizuiwa mlangoni, kabla hazijafika kwa mtu. Owino Uhuru sheria ilikuja sumu ikiwa tayari kwenye damu. Betri ina sheria zake na boksi lina zake, lakini risasi ni ile ile, na wahenga walishasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kenya nayo imesonga. Kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na kanuni za 2024 zinazomtaka anayetengeneza au kuingiza bidhaa awajibike nayo hata ikishakuwa taka. Kwenye karatasi, safi kabisa. Lakini Ndau ni kisiwa. Lamu ni mojawapo ya kaunti 14 zilizowekwa kwenye mradi wa serikali wa sola wa KOSAP, na mimi sola naipenda bana, siipingi hata kidogo. Kila boksi na kila betri vinakuja kwa boti. Siku vikifa, nani atalipa nauli ya kuvirudisha?

Kwa hivyo akija mtu kutufungia sola, pampu au mashine ya barafu, tumuulize maswali 2 kabla hatujatia sahihi: ndani ya boksi mna nini, na likifa nani atakuja kulichukua? Majibu yote mawili yaandikwe kwenye mkataba, pamoja na jina la kampuni na namba ya simu.