Chanjo katika Nchi Iliyoacha Kuhesabu Wagonjwa

Hadi Mei 2020 Tanzania ilikuwa imetangaza wagonjwa 509 wa corona na vifo 21. Hapo hesabu ikasimama kwa zaidi ya mwaka mmoja. Rais John Magufuli alikuwa ameeleza akiwa Chato kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware, zilizopelekwa maabara kwa siri, zilikutwa na virusi, kwa hiyo vipimo haviaminiki. Juni akatangaza kuwa maombi yameiondoa corona nchini. Wanaosimulia habari za chanjo ya UVIKO-19 huanzia kwenye hotuba yake ya Januari 2021, alipohoji kwa nini mzungu hajaleta chanjo ya UKIMWI wala ya malaria ikiwa kweli ana uwezo huo. Naona wanachelewa kuanza. Hotuba ile ilikuta watu ambao kwa miezi minane walikuwa wamezoea kuamua mambo ya afya yao bila takwimu yoyote, na mazoea hayo ndiyo yaliyoichelewesha chanjo kuliko maneno ya kiongozi yeyote.

Takwimu zinapokosekana, mtu hubaki na ushahidi wa nyumbani kwake. Aliyeshikwa na homa, kikohozi na kuishiwa pumzi alijifukiza nyungu, akanywa tangawizi na malimao, na wengi walipona, kwa sababu wengi wanaougua corona hupona. Asiyepimwa hakuwa na njia ya kujua kama alikuwa na corona, malaria au mafua makali. Waliofariki nao hawakutajwa kwa jina la ugonjwa: matangazo ya misiba yalisema “changamoto ya upumuaji”, au presha, au nimonia. Mizani ikaelemea upande mmoja: kila aliyepona alihesabiwa kwenye nyungu, na hakuna aliyekufa aliyehesabiwa kwenye corona. Sishangai kwamba mtu mwenye akili timamu aliyeutazama ushahidi wa namna hiyo hakuona haja ya sindano. Februari 2021 ndipo ukimya ulipoanza kupasuka. Chama cha ACT-Wazalendo kilikuwa kimesema waziwazi kuwa kiongozi wake, Maalim Seif Sharif Hamad, ameambukizwa corona, naye akafariki tarehe 17. Wiki mbili baadaye Baraza la Maaskofu Katoliki likasema kuwa katika miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 wamefariki, wengi wakiwa na matatizo ya kupumua. Kanisa lilikuwa na daftari la watu wake, na daftari hilo lilizungumza pale daftari la taifa liliponyamaza.

Yapo maelezo mengine yanayopendwa: kwamba Watanzania wana hofu ya kale ya dawa za wageni, hofu iliyozaa uvumi wa mumiani enzi za ukoloni, wazimamoto waliposhukiwa kunyonya watu damu. Maelezo hayo hayatoshi. Mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulianza mwaka 1975, na kabla ya janga hili Tanzania ilisifiwa kwa kufikisha chanjo kwa takriban watoto tisa kati ya kumi. Mama aliyeikataa sindano ya corona alikuwa na kadi ya kliniki ya mwanawe iliyojaa tarehe za chanjo, na mfanyabiashara msafiri alikwishazoea kubeba kadi ya homa ya manjano. Watu hawa hawakuogopa sindano. Surua, polio na pepopunda waliambiwa ni nini, zinaua nani, na nesi wa zahanati ndiye aliyewaambia mwaka hadi mwaka. Corona waliambiwa imekwisha, kisha wakaambiwa wajikinge nayo.

Rais Samia Suluhu Hassan, mrithi wa Magufuli, aliyeunda kamati ya wataalamu kuhusu corona Aprili 2021, alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai, siku chache baada ya kuwasili dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson. Josephat Gwajima, askofu na wakati huo mbunge wa Kawe, akaipinga chanjo hiyo madhabahuni. Ni rahisi kumtwisha yeye mzigo wa mwitikio hafifu wa miezi iliyofuata, lakini hata mahali pasipokuwa na wafuasi wake chanjo ilisuasua. Mtu anaweza kusema pia kwamba vijana walikuwa na haki ya kusita, maana corona iliua zaidi wazee na wenye kisukari au presha. Hoja hiyo ina uzito, na kwa kijana mwenye afya ulikuwa uamuzi wa kupima hatari mbili ndogo. Lakini wazee na wagonjwa wa kisukari nao walisita.

Mwaka 2022 mambo yakageuka: kufikia mwisho wake zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa wamechanjwa. Wapo wanaosema hiyo ilikuwa kazi ya malengo na mikwara ya watendaji, si ushawishi. Kwa sehemu ni kweli. Mikoa ilishindanishwa, na mahujaji wa mwaka huo wasingeingia Saudi Arabia bila chanjo. Ila shinikizo peke yake halielezi kwa nini kampeni ya 2021, iliyokuwa na rais mbele yake, haikufanikiwa hivyo. Tofauti ilikuwa kwamba wahudumu waliondoka hospitalini, wakaenda minadani, misikitini, makanisani na nyumba kwa nyumba, wakajibu maswali mlangoni. Waliojibu walikuwa watu wanaofahamika mtaani, wengi wao wale wale waliowachanja watoto wa mtaa huo.