Azimio la Musoma na Redio Isiyofunguliwa

Desemba iliyopita nilikwenda Musoma kumtembelea kaka yangu mkubwa, nikiwa na mfuko mdogo wa plastiki uliobeba redio nzima, ila redio yenyewe haikuwa imeundwa bado. Mlikuwa na transista sita, koili nne zenye vichwa vya rangi, spika ndogo, bodi yenye matundu, na karatasi ya maelezo iliyoandikwa Kichina. Vipuri vya namna hii huuzwa kwa wanaojifunza na kwa wapenda redio. Nilivinunua kwa sababu ya deni la zamani ambalo kaka hajawahi kunidai.

Wasomaji wengi wa safu hii wamezaliwa redio ikiwa imekwisha kuwa kitu cha kawaida, kwa hiyo niruhusiwe kurudi nyuma. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Baada ya Uhuru redio ikawa darasa la taifa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kwa majuma kumi na mawili. Kila kikundi kilikuwa na kitabu, kiongozi na redio. Baada ya kipindi watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Kijijini kwetu, upande wa Bunda, kiongozi wa kikundi alikuwa baba, mwalimu wa shule ya msingi. Redio ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kilichofumwa na mama. Mawe yalipoanza kuchoka yaliondolewa na kuanikwa juani ili yapate nguvu ya jioni moja zaidi. Siku moja baba aliporudi kutoka shuleni alimkuta kaka, aliyekuwa darasa la sita, ameifungua kwa kisu cha jikoni. Hakuharibu kitu. Alitaka tu kuona sauti inapita wapi. Alichapwa hadi majirani wakaja kumwombea. Mimi, niliyekuwa nimemshikia kifuniko, nilikana kwamba nilikuwapo.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mwendo mfupi kutoka kwetu, ikatoa Azimio la Musoma. Wanafunzi wangu hulikumbuka kwa jambo moja, elimu ya msingi kwa wote ifikapo Novemba 1977, lengo ambalo awali lilikuwa limewekwa kwa mwaka 1989. Husahau nusu yake ya pili, nayo ndiyo iliyokuwa kali zaidi: kwamba kazi na masomo visitenganishwe, na kwamba anayemaliza sekondari akafanye kazi kwanza kabla ya kuomba kuingia chuo kikuu. Azimio liliichukua hoja ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na kuipa tarehe.

Nusu ya kwanza isingewezekana bila redio. Walimu wa kutosha hawakuwapo, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, kwa wakufunzi waliowatembelea, na kwa vipindi vya redio. Zaidi ya walimu 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Wawili kati yao walikaa nyumbani kwetu, nao walisikiliza masomo yao mbele ya kabati lile lile.

Nusu ya pili, kwa jinsi nilivyoiona shuleni kwetu, ikawa jembe. Sina dharau na jembe, kwani limenilisha. Lakini tulilima shamba la pamba mwaka baada ya mwaka, wala hakuna mwalimu hata mmoja aliyetuonyesha ndani ya redio iliyokuwa ikifundisha nchi nzima. Nchini kulikuwa na viwanda vya kuunganisha redio za National na Philips, lakini kwa mtoto wa Bunda redio ilitoka dukani ikiwa imefungwa, na aliyeifungua alikuwa mtundu wa kuchapwa. Tulimpa mwananchi sikio, tukamnyima bisibisi. Naandika hivi nikijua kwamba nchi ilikuwa maskini na haraka ilikuwa kubwa. Hata hivyo bisibisi haikuwa ghali.

Kaka hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alijifunza kwa fundi mmoja pale stendi ya Bunda, kisha akahamia Musoma, na kwa miaka zaidi ya thelathini amekuwa akitengeneza redio sokoni. Mimi nilisoma, na sasa nafundisha vijana historia ya maazimio.

Basi tuliketi kwenye kibaraza chake nikaanza kulehemu, yeye akinitazama kwa miwani yenye mguu wa waya. Nilipomaliza, redio ilikaa kimya. Akaigeuza, akaitazama bodi kwa muda usiozidi dakika moja, akaweka kucha juu ya rezista moja. "Mdogo wangu, huu mstari ni wa rangi ya chungwa. Pale panataka mwekundu." Nilikuwa nimeweka ukinzani mara kumi ya uliotakiwa. Tulipobadilisha, ilikoroma. Kisha akazizungusha koili kidogo kidogo hadi stesheni ikatulia. Vitabu husema kwamba redio ya aina hii hugeuza kila stesheni kuwa mawimbi ya masafa mamoja, kilohezi 455, kabla ya kuikuza, na kwamba ni ubunifu wa Edwin Armstrong wa mwaka 1918. Kaka hajawahi kulisikia jina hilo. Yeye husema, "Kwanza uwavalishe wote sare moja, ndipo uwasimamie." Sijapata mfano bora zaidi wa kuwapa wanafunzi.

Baada ya hapo akaacha kuifuata karatasi. Spika ndogo aliitupa, akaweka kubwa kutoka redio iliyokufa. Betri mbili nyembamba akazibadilisha kwa mawe mawili makubwa, kwa kuwa nguvu ya umeme ni ile ile ila yanadumu zaidi. Juu ya fimbo nyeusi ya antena akazungusha waya mizunguko michache: ncha moja kwa ajili ya waya mrefu wa mtini, nyingine kwa ajili ya msumari wa ardhini. Mjini ilisaidia kidogo tu, maana taa na chaja za simu hujaza masafa ya kati kelele.

Hivyo tukaenda Butiama kwa shangazi, si mbali na Mwitongo alikozikwa Mwalimu, tukatundika waya kwenye mwembe na kungoja giza, wakati mawimbi ya masafa ya kati yanapoakisiwa na anga la juu na kufika mbali. Wakati tukingoja nilimweleza kaka kuhusu mkondo wa amali, uliomo katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Aliuliza swali moja: nani atapelekwa huko, watoto wanaofaulu au wanaofeli? Nawapelekea swali hilo wasomaji wangu walioko wizarani na halmashauri, kwa sababu mimi sikumjibu.

Saa mbili usiku zilianza kuingia sauti za Kiswahili, kisha Kiarabu, kisha Kifaransa. Shangazi, mwenye umri wa miaka themanini na zaidi, alivuta kiti karibu, akauliza ni nani aliyeifungua redio ya watu na kuiacha wazi namna ile. Safari hii nilisema ni mimi.