Homoni ya Kale katika Samaki wa Ziwa Tanganyika

Anayetaka kujua asili ya homoni za uzazi huelekezwa baharini, kwa viumbe wasiofanana nasi hata kidogo: amfioksi anayejificha mchangani, tunikata aliyeganda mwambani, lamprei asiye na taya. Ni sawa, lakini haitoshi. Nadai kwamba historia hiyo inasomeka pia katika maji ya kina kifupi ya Ziwa Tanganyika, tena ikiwa na sura ambayo lamprei pekee hawezi kutuonyesha.

Tuchukue GnRH, peptidi ya asidi amino 10 tu, inayotoka ubongoni na kuiamuru tezi ya pituitari kuachilia homoni za uzazi. Muundo wake kwa mamalia ulijulikana mwaka 1971, na kazi hiyo ilichangia kuwapatia Andrew Schally na Roger Guillemin Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Peptidi za ukoo huo zipo hata kwa tunikata, ambaye hana pituitari kamili kama yetu. Lamprei anayo, ila hana mishipa maalumu wala neva za kuifikishia amri: homoni hupenya polepole kutoka ubongoni hadi kwenye tezi. Kwa samaki wengi wenye mifupa, neva zenyewe huingia ndani ya tezi. Kwa binadamu, amri hupita katika vijishipa vya damu. Peptidi yenyewe imebadilika kidogo sana kuliko njia zinazoipeleka.

Sasa tumtazame Astatotilapia burtoni, jamaa wa sato na perege, anayeishi katika ziwa hili na mito inayoingia humo. Mwaka 1995 Stephanie White, Russell Fernald na wenzao walionyesha kuwa samaki huyu ana jeni tatu za GnRH, kila moja ikifanya kazi katika sehemu yake ya ubongo. Peptidi ya mojawapo inalingana na ya binadamu asidi kwa asidi.

Dume mwenye himaya hung'aa buluu au njano, ana mstari mweusi unaokatiza jichoni, na huwafukuza wenzake bila kuchoka. Dume asiye na himaya amefifia, hufanana na jike, na korodani zake ni ndogo. Akiondolewa mbabe, mnyonge hubadilika rangi ndani ya dakika chache na kuanza kutamba. Sabrina Burmeister, Erich Jarvis na Fernald waliripoti mwaka 2005 kwamba ndani ya dakika 20 jeni ya egr-1 huwaka katika eneo la ubongo lenye seli za GnRH zinazoiamuru pituitari. Baadaye seli hizo hukua. Cheo kinaingia mwilini kupitia peptidi ambayo ukoo wake ni mkongwe kuliko taya.

Ndiyo maana siafiki kuwapanga wanyama kwenye ngazi, amfioksi chini na sisi juu. Lamprei naye ameendelea kubadilika kwa muda uleule. Ana GnRH zake tatu. Tunachopaswa kulinganisha ni nini kinachoiamsha homoni. Kwa burtoni, kinachoiamsha ni jamii inayomzunguka, na jicho lina nafasi kubwa: majaribio ya Chun-Chun Chen na Fernald ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa kumwona tu mpinzani hubadili tabia na homoni.

Hapa ufuo wa Burundi unaingia kwenye hoja moja kwa moja. Huko Gitaza, kwenye barabara ya Bujumbura hadi Rumonge, milima imeshuka karibu na maji, na maporomoko ya mwaka 2015 yaliwahamisha watu na kukata barabara. Udongo wa miteremko kama hii huishia ziwani. Katika Ziwa Victoria, Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kuwa maji machafu huwazuia majike kuchagua madume kwa rangi. Je, tope la Gitaza linafika hadi kwenye seli za GnRH? Jibu linaweza kupatikana kwa kulinganisha madume wa maji maangavu na wa maji ya tope katika Ziwa Tanganyika lenyewe, kabla mvua za misimu ijayo hazijayasawazisha.